Kopi ya Sauti za Waibula

Unaisi Ravulo hakuwa mtu wa kukimbia. Mvua ya mji wetu wa Suva ikitukuta njiani sisi wengine tulitimua mbio, lakini yeye alifungua mwavuli na kuendelea na mwendo wake ule ule. Kwa hiyo asubuhi ile alipotoka chumba cha mashine na kupita kwenye korido kwa hatua ndefu, sisi wa chumba cha sauti tulivua hedifoni bila kuambizana.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wetu, Kamini Narsey, akaacha mlango wazi. Kwa hiyo tulisikia.

"Dada Kamini, kundi la juu limefiwa na diski moja. Na jirani yake ameanza kukohoa."

Kamini aliuliza kama jirani huyo atapona.

"Hapana," Unaisi akajibu. "Nataka kuihamisha SAUTI yote leo, kabla hajafa na yeye."

Hapo wote tulielewa. Nyumba yetu ilihifadhi sauti: nyimbo, hotuba za arusi, maombolezo na masimulizi yaliyorekodiwa visiwani tangu zama za redio za betri. Kanda zenyewe zilikuwa zimeota ukungu. Kila tuliyoipiga tulijua tunaipiga kwa mara ya mwisho, maana utando wake ulibanduka mashineni kama ganda la kitunguu. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipiga nyingi. Tulichookoa tulikiweka kwenye kabati la diski, na mwenye kabati alikuwa Unaisi.

Kabati hilo lilikuwa na diski nyingi za chuma, safu juu ya safu, ila hakuna mtu aliyezitumia moja moja. Unaisi alizikusanya katika makundi kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, kisha akayagawa makundi hayo kuwa diski pepe chache kubwa, zisizoshikika kwa mkono, akazipa majina. SAUTI ilikuwa mojawapo. Ukimuuliza iko wapi, alikuonyesha safu nzima kwa kiganja, akakwambia iko kidogo kidogo kila mahali humo. Diski moja ikifa, zilizobaki zilishirikiana kufidia pengo. Zikifa mbili, imekwisha. Na sasa moja ilikuwa imeshakufa.

Bakapu ya nje ilikuwa jengo la pili, ambalo paa lake lilikuwa likiezuliwa na mashine zake zimefungwa kwenye maboksi. Diski mpya zilikuwa Auckland zikingoja ndege. Ndani ya kabati, kwenye kundi la chini lililo zima, kulikuwa na kopi moja ya SAUTI ambayo Unaisi aliifanya mwaka uliopita. Lakini kopi hiyo ilitangulia kanda za kijiji cha Waibula.

Na wanawake wa Waibula walikuwa njiani.

Walikuwa wametoka kisiwani kwao alfajiri kwa feri, kisha basi. Ukumbi wa kijiji chao uliobomolewa na kimbunga ulikuwa umejengwa upya, na katika kuufungua walitaka kuimba wimbo mmoja wa zamani ambao mtunzi wake, Bi Taina, alikuwa amefariki. Hakuna aliyeujua wote. Mmoja alikumbuka mwanzo, mwingine mwisho, na katikati walikuwa wakibishana. Kamini aliwaambia waje, sauti ya Bi Taina akiwa bado kijana tunayo.

Kamini alikuwa mtangazaji wa redio miaka mingi kabla ya kuwa mkurugenzi, na hata akitaharuki sauti yake ilibaki tambarare. Alimuuliza Unaisi kwa nini asiiandike upya ile kopi ya mwaka jana, ipokee na Waibula humo humo.

"Naweza," Unaisi akasema. "Lakini kopi ikianza, diski inayopokea inafutwa tangu mwanzo. Chanzo kikifa katikati, mkononi nabaki na nusu ya kitu kipya, na kile cha zamani kimekwenda. Sasa hivi tunaweza kukosa Waibula. Tukifanya hivyo tunaweza kukosa vyote."

"Basi tumia nyingine. Si kuna ile inayoitwa MAJARIBIO? Inakaa bure, ukubwa ule ule."

Unaisi alirudi chumba cha mashine na Kamini akamfuata. Mimi nami nikafuata, kwa kisingizio kwamba kanda za Waibula nilizipiga mimi. Unaisi aliketi, akaandika amri fupi, skrini ikamletea hali ya MAJARIBIO. Ilikuwa nzima, ya kutosha, iko kundi la chini. Ilikuwa imebaki amri moja tu ya kutaja chanzo, kutaja mpokeaji na kugonga enta.

Hakuiandika. Alisema jina si ushahidi, akaifungua kwanza atazame ndani.

Ndani mlikuwa na folda zenye majina ya vijiji vya milimani: wazee wakisimulia mipaka ya mashamba yao, akina mama wakibembeleza watoto, mtu akiita nguruwe. Yalikuwa mafaili ya miaka miwili. Unaisi aliegemea kiti akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi anayemfahamu.

"Apakuki," akasema.

Apakuki Drauna alikuwa mrekodi wetu wa mashambani, na zaidi ya hapo alikuwa mtoto wa mjomba wake Unaisi. Kwa mila zao, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na wale wawili hawakuwahi kuacha deni la utani lilale. Unaisi alimpigia simu akaiweka kwenye spika sote tusikie. Apakuki alikuwa Navua, sokoni, tukisikia watu wakinunua mihogo nyuma yake.

"Mtoto wa mjomba," Unaisi akaanza, "nani alikuruhusu kupanga chumba kwenye nyumba yangu?"

"Chumba gani? Kile chenye kibao cha MAJARIBIO? Niliona mlango wazi na hakuna anayeishi, nikaingiza mkeka."

"Miaka miwili?"

"Mtoto wa shangazi, wewe umeniona nikihama upesi mahali penye umeme wa bure?"

Kamini alitabasamu bila kutaka. Kisha Unaisi alimweleza hali ilivyo, kwa maneno machache, bila utani. Aliuliza kama mafaili hayo yako pengine. Apakuki alisema ya karibuni bado yako kwenye kadi zake. Ya zamani hayapo tena, kadi zake alishazirekodia mengine juu.

"Futa," akasema mwisho.

"Nini?"

"Futa yangu, Unaisi. Hao wangu wako hai, isipokuwa wawili watatu. Nitapanda mlima niwarekodi tena, watanicheka tu kwamba sikusikia mara ya kwanza. Huyo mama wa Waibula nitampanda mlima gani?"

Nilimtazama Unaisi. Ni mtu ambaye uso wake hausemi mengi, lakini aliivuta simu karibu.

"Sitafuta mtu," akasema. "Panda basi uje. Nahitaji macho mengine mawili, hata kama ni yako."

Alikwisha kuona jambo ambalo sisi hatukuliona. MAJARIBIO ilikuwa diski kubwa, lakini Apakuki na vijiji vyake vyote walikaa kwenye kona yake moja. Mzigo huo ungeweza kubebwa kwenye diski za mfukoni, zile ambazo kila mtu ofisini anazo na anaapa ni za kazi. Unaisi alisimama katikati ya chumba cha sauti akatuomba tuzilete mezani, na kama kuna kitu ndani tusichotaka kipotee, tukiondoe sasa.

Ndipo tukajuana. Mhasibu wetu alikuwa na mechi za raga ya wachezaji saba za kila mashindano. Mlinzi wa getini alileta diski iliyojaa filamu za Kihindi, akaomba moja tu isifutwe kwa sababu mkewe hajaimaliza. Yangu ilikuwa na arusi ya dada yangu, na ni lazima niseme haikuniuma kuihamishia kwenye laptopu iliyopasuka kioo. Kila diski iliyokuwa tupu Unaisi aliichomeka, akahamisha folda za Apakuki, kisha akalinganisha zilizoingia na zilizotoka, faili kwa faili, kabla ya kuibandika karatasi yenye jina la kijiji.

Katikati ya shughuli hiyo wanawake wa Waibula wakaingia. Walikuwa sita, wamevaa magauni ya maua yaliyolowa pindoni, na mkubwa wao alikuwa Bi Makitalena, binti wa marehemu Bi Taina. Walileta fungu la mizizi ya yaqona, ya kutengenezea kinywaji cha heshima, kama inavyompasa mgeni, Kamini akalipokea kwa maneno yake yote, tukaketi mkekani. Haikuwezekana kuharakisha, na wala hakuna aliyejaribu.

Baada ya hapo Kamini aliwaeleza ukweli. Aliwaambia sauti iko kwenye mashine inayougua, kwamba kuisikiliza sasa kungeichosha mashine hiyo, na kwamba fundi wetu anaihamisha. Bi Makitalena aliuliza fundi ni yupi. Alipoonyeshwa Unaisi alimwangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni wa kisiwa cha Kadavu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Watu wa Kadavu ni wabishi."

"Leo itatusaidia, mama."

Yule mama alicheka, akavuta mkeka, akasema wataketi hapo hapo. Walitoa vyakula vyao, dalo, yale magimbi ya kwetu, na samaki waliofungwa kwenye majani, wakatugawia.

Apakuki alifika akiwa ameloa, begi la vinasa sauti mgongoni. Kitu cha kwanza alichokiona ni vijiji vyake vimepangwa mezani juu ya filamu za mlinzi. Alivihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Unaisi alimvutia kiti.

Unaisi alikuwa na mazoea fulani ambayo vijana wa kompyuta kutoka ng'ambo waliyacheka walipokuja kufunga kabati. Amri ya kunakili hakuwahi kuigonga peke yake. Alisema kosa la kawaida kabisa katika kazi hii halitokani na ujinga, linatokana na mkono uliozoea: mtu anaandika mpokeaji mahali pa chanzo, anagonga enta, na mashine tiifu inachukua diski tupu na kuinakili juu ya ile iliyojaa. Kwa hiyo aliandika, akaondoa mikono kwenye kibodi, akamwambia Apakuki asome yaliyoandikwa, si anayofikiri yameandikwa.

Apakuki alisoma polepole. Chanzo: SAUTI. Mpokeaji: MAJARIBIO. Kipaumbele: cha juu.

"Kipaumbele nimekiandika kwa mazoea," Unaisi akasema. Alikifuta, akaandika cha chini kabisa.

Kamini aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kama amesikia vizuri. Mashine inakufa, kwa nini iende taratibu?

"Kwa sababu inakufa, dada. Ile diski inayokohoa ikisukumwa itakohoa zaidi. Mgonjwa ukimwinua, humvuti mkono. Nitaizuia seva nyingine yoyote isiiguse SAUTI, ibaki na kazi hii moja, na iifanye kwa mwendo wake."

Nilijua Kamini anafikiria nini. Nami nilifikiria hivyo hivyo. Mwendo wa taratibu ni muda mrefu zaidi wa kungoja kitu kife. Lakini alisema, "Kabati ni lako," akaenda kuketi na wageni.

Apakuki alisoma tena kutoka mwanzo. Unaisi aligonga enta. Mashine ikauliza kama ana hakika, kwamba kila kilichomo kwa mpokeaji kitapotea. Akaandika ndiyo.

Ilianza kwenda. Kila baada ya muda Unaisi aliandika amri ya kuuliza hali, na jibu lilikuwa namba moja tu ya asilimia, inayopanda kama mzee anayepanda ngazi. Apakuki alisema mashine hii imezaliwa Kadavu. Unaisi akamwambia yeye aliyelipa nauli ya mtoto huku ana ndevu asizungumzie ukoo wa mtu. Kule mkekani akina mama walianza kuimba sehemu wanazozijua, kwa sauti ya chini, wakifika katikati wanabishana, wanarudi mwanzo.

Ilikuwa imepita nusu kwa mbali ilipokwama. Namba ilikataa kubadilika, kisha skrini ikaandika kwamba kunakili kumeshindwa.

Apakuki alishika kichwa. Unaisi hakushtuka, au kama alishtuka aliuweka mshtuko pembeni. Aliandika amri nyingine akasoma kumbukumbu ya hitilafu, kidole juu ya kioo.

"Diski haijafa," akasema. "Imechelewa kujibu, kabati likakata tamaa mapema. Imepata joto. Tazameni." Alishika mlango wa kabati. Kitundu cha hewa cha safu ya juu kilikuwa kimezibwa na vumbi la paa linaloezuliwa jengo la pili, lililoingia siku zote hizo kupitia dirisha la korido.

Tulifanya kazi ya mikono. Mhasibu alileta feni ya ofisini kwake, mlinzi akaleta brashi, Apakuki akasafisha vumbi akiwa amelala chali chini ya kabati, akilalamika kwamba amesoma chuo kwa ajili ya hili. Unaisi aliiacha diski ipumzike. Wakati inapoa alikwenda mwenyewe mkekani, akapiga magoti mbele ya Bi Makitalena, akamwambia kwamba jaribio la kwanza limeshindwa na anaanza upya tangu mwanzo.

Bi Makitalena aliuliza kama anaogopa.

"Hapana, mama. Nimeona ilipoumia. Ningeogopa kama nisingeona."

"Basi nenda."

Akarudi. Aliandika amri ya kunakili upya, Apakuki akasoma, safari hii bila mzaha hata kidogo. Chanzo ni chanzo, mpokeaji ni mpokeaji. Enta. Ndiyo.

Sitasimulia kungoja. Namba ilipanda. Ilipofika pale ilipokwama mara ya kwanza, hakuna aliyesogea, hata akina mama walinyamaza bila kuambiwa, na feni ikawa ndiyo pekee inayoongea. Namba ikapita. Baadaye kidogo Apakuki alijaribu utani, nao ukachekwa kuliko ulivyostahili. Jua lilikuwa bado juu ya ghuba, limechomoza baada ya mvua, skrini ilipoandika kwamba kopi imekamilika.

Unaisi hakushangilia. Alivunja kiungo kati ya zile diski mbili ili mpokeaji asimame peke yake, akaifungia kwanza isiandikwe na yeyote, akaiunganisha na seva, akaniita mimi. Aliniambia nilinganishe faili za Waibula na orodha za vipimo vya kila faili nilizoziandika siku ya kuzipiga kanda. Zilikuwa sawa zote. Hapo ndipo alipofungua chupa ya maji akanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Tuliwaingiza akina mama chumba cha sauti. Nilibonyeza.

Kwanza palisikika mlio wa kanda, kisha jogoo, kisha mwanamke kijana akisafisha koo. Bi Makitalena aliweka kiganja juu ya meza. Sauti ikaanza kuimba, nyembamba kuliko nilivyotarajia, na thabiti. Wenzake walianza kufuatisha kwa midomo. Ilipofika katikati, pale pa ugomvi, maneno yalikuwa tofauti na yale waliyokuwa wakibishania pande zote mbili. Walitazamana. Mmoja akasema polepole kwamba kwa hiyo wote walikosea, na kicheko kilichowatoka kilikuwa kimechanganyika na machozi.

Halafu, kwenye kanda, Bi Taina alisimama ghafla katikati ya ubeti akamkemea mtu aliyekuwa akimfuatisha: "Si hivyo! Unaimba kama uko sokoni. Anza tena." Bi Makitalena alijishika kifua.

"Ni mimi," akasema. "Anayekemewa ni mimi. Nilikuwa nimeketi mapajani pake."

Hatukuwa tumelijua hilo. Nilirudisha nyuma, na kweli, chini ya sauti ya mama palikuwa na sauti ndogo ya mtoto ikikosea. Waliisikiliza mara nyingi. Kisha waliuimba wimbo wote tangu mwanzo, wamesimama, na Apakuki, bila kuulizwa, akatoa kinasa chake begini akaanza kurekodi.

Walipokuwa wakijiandaa kuondoka Bi Makitalena alimtafuta Unaisi akamkuta chumba cha mashine. Alilitazama lile kabati, taa zake nyingi za kijani na ile moja ya rangi ya chungwa.

"Mama yangu yuko wapi humo?"

Unaisi alimwonyesha safu ya juu, akasema alikuwa hapa. Akamwonyesha safu ya chini, akasema sasa yuko hapa. Akamwonyesha diski ndogo aliyokuwa amemwekea kwenye mfuko, kati ya dalo na mkeka.

"Na huko pia. Diski mpya zikifika atakuwa na sehemu ya nne."

"Alikuwa hapendi kukaa mahali pamoja," mama yule akasema.

Kamini alituma watu wawili wakazibe dirisha la korido. Apakuki aliomba kusafiri na akina mama ili arekodi siku ya kufungua ukumbi, na Unaisi akamwambia aende, lakini akirudi aje kwake kwanza apewe diski pepe yake mwenyewe, yenye jina lake, na bakapu yake. Kisha akaketi tena mbele ya skrini nyeusi. SAUTI ya zamani ilikuwa bado hai, taratibu, na alitaka kuiuliza hali yake kabla ya kwenda nyumbani.